Kikundi cha Mzee Gidioni Hakina Kikwazo

Wanakijiji wenzangu, na ninyi mnaosoma kutoka mbali, mnivumilie, maana habari hii kila nikiisimulia nakasirika upya. Mume wangu huniambia, "Mama Anjelika, yaliyopita yamepita." Yamepita kwake. Mimi nilikuwepo, nikichochea moto chini ya sufuria, na niliyaona yakija.

Kwanza muione nyumba ya Mzee Gidioni ilivyokuwa. Ni jirani yangu, tumetenganishwa na migomba tu. Jumapili baada ya misa ungeikuta imetulia kabisa: mzee amekaa mbele ya mlango, mkewe Francisca anachambua maharage, na mjukuu wao Nice, mtoto wa miaka mitatu, anakimbiza kuku uani. Nice alikula kwenye sahani ya babu yake. Akisinzia, alibebwa na babu yake. Mzee yule mkali, ambaye sisi majirani tulimwogopa, alikuwa tayari kutambaa chini kama mbuzi ili mtoto acheke.

Mama wa Nice, Ildefonsa, usingemwona hapo mbele. Angekuwa jikoni. Kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe hawasogeleani. Mke huyo hamtaji mzee jina, hamtazami usoni, hasimami mbele yake wakazungumza ana kwa ana. Si chuki, ni heshima. Wala msidhani kwamba mkwe hana sauti. Akiwa na neno humwambia mumewe au mama mkwe, na neno hufika, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Ildefonsa alikuwa msichana wa Nyabusozi, na alipoolewa na Matiasi alijifunza desturi za nyumba ile vizuri mno. Mzee Gidioni alijisifu kila mahali, "Mkwe wangu amefundwa."

Utulivu huo uliondoka siku gari la mradi lilipofika.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Vilima vyetu vya Ngara vilifunikwa na maturubai ya watu waliokimbia Burundi, na chemchemi zilizotutosha sisi na mbuzi wetu sasa zilinywewa na watu wa kujaza mji. Akina mama tuligombana kisimani na wenzetu wa kambini, ndoo kwa ndoo, na wakati mwingine ngumi kwa ngumi. Basi shirika moja likaleta mradi wa kuvuta maji kutoka mlimani, yapite kambini, kisha yashuke hadi vijijini kwetu. Waliajiriwa mamia ya watu: Wahangaza, Wasubi kutoka Biharamulo, wakimbizi, wanaume kwa wanawake. Mimi nikapata kazi ya kuwapikia chai na uji.

Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu. Amri ilitoka ofisini, ikapita kwa msimamizi huyu na yule, na ilipofika mtaroni hakuna aliyejua ilisemaje ilipoanza safari. Watu walichimba wiki nzima, halafu wakaambiwa mtaro ulitakiwa upite ng'ambo ya kilima. Kwa hiyo Mhandisi Renatus wa mradi aliporudi kutoka semina na utaratibu mpya, sote tulifurahi. Hata mimi.

Na nitasema haki: utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri. Waliujaribu kwanza kule Runazi kwa kikundi kimoja kidogo. Kila asubuhi watu wale walisimama duara, na kila mmoja alisema mambo matatu: jana nimefanya nini, leo nitafanya nini, na nini kinanikwamisha. Walisimama ili wasikawie. Walichimba kipande kifupi, wakalaza bomba, wakalijaza maji kabla ya kulifukia, wakawaita akina mama wa pale waonje na kusema lao. Kasoro ikionekana, ilirekebishwa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nikiwapikia kule, na chai yangu haikupoa hata mara moja. Kazi ilikwisha vizuri, na watu wa Runazi wakapata maji.

Wakubwa wakasema, "Sasa mradi mzima ufanye hivyo!" Lini? Jumatatu!

Jamani. Mamia ya watu, kufikia Jumatatu.

Wakagawanywa vikundi kama unavyogawa karanga. Kila kikundi kikapewa kiongozi, viongozi wakaundiwa kamati, na kamati ikaundiwa kamati ndogo ya kuiratibu. Ule mkutano wa kusimama ukaanza kwa sala. Baada ya sala zikafuata shikamoo, na kwa kuwa kila kikundi kilikuwa na wazee, shikamoo zilizunguka duara zima. Kisha kiongozi akatoa neno. Mgeni akiwepo, naye akatoa neno. Siku moja nikaona vijana wanabeba mabenchi. Nikauliza, "Hayo ya nini?" Wakajibu, "Ya mkutano wa kusimama, mama." Nilicheka hadi nikaunguza uji, lakini baadaye sikucheka tena, maana jua lilikuwa limepanda na hakuna aliyegusa sururu.

Haya ya mabenchi ningeyasamehe. Yanayofuata siyasamehe.

Ofisi ilitaka kujua ni kikundi gani kinakwenda vizuri. Badala ya kwenda mtaroni kutazama, wakaleta vitambaa. Kikundi kisicho na kikwazo kilipewa kitambaa cha kijani, kikapepea juu ya mti wao. Kikundi chenye kikwazo kilipewa chekundu. Hakizimana, mkimbizi mmoja aliyeongoza kikundi cha wenzake, alisimama siku ya kwanza akasema kweli yake, "Tumekuta mwamba. Tunaomba wenye nyundo kubwa waje watusaidie." Akapewa chekundu. Watu wakamzomea njia nzima, wakimwita mzee wa mwamba. Wiki iliyofuata aliulizwa tena. Akasema, "Hakuna kikwazo, mheshimiwa," na mtaro wake pale mwambani ulikuwa na kina cha sahani ya ubwabwa. Akapewa kijani na kupigiwa makofi! Mimi nikabaki na kata mkononi, nikijiuliza kama ni mimi peke yangu mwenye macho.

Sasa turudi kwa jirani yangu. Mzee Gidioni alichaguliwa kiongozi wa kikundi. Mhandisi alikuwa amesema kikundi kiwe cha watu wanaoaminiana, na mzee akasema, "Nimwamini nani kuliko watu wangu?" Akamweka mwanawe Matiasi. Akaweka wapwa zake. Akamweka na Ildefonsa, aliyekuwa hodari wa kufukia na kushindilia udongo. Nilimkimbilia Francisca uani kwake.

"Mama Matiasi, mkwe na baba mkwe wasimame duara moja? Watatazamana vipi?"

"Nimesema," alinijibu akiendelea kupepeta. "Nimeambiwa nisilete mambo ya jikoni kwenye mradi."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ungefanya nini wewe? Mwanamume anataka kitambaa."

Hapo ndipo palipokuwa na kiini cha mambo. Gidioni hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa amegundua kwamba kikundi cha watu wasioweza kumpinga ndicho kikundi kisicho na kikwazo. Na kweli, kila asubuhi yeye aliuliza bila kumtazama mtu, "Anayefuata?" na zamu ya Ildefonsa ilipofika, msichana alilitazama jembe lake na kusema, "Jana nilifukia. Leo nitafukia. Hakuna." Kitambaa cha kijani hakikushuka kwenye mti wao. Watu wakaanza kusema, "Kikundi cha Mzee Gidioni hakina kikwazo," na mzee akawa anatembea kifua mbele.

Walipofika bondeni, mtaro ulipita chini kidogo ya vyoo vya zamani vya kambi. Ardhi ya pale ni chepechepe. Jioni moja walikuwa wanaharakisha kufukia, mzee akiwahimiza kutoka juu, "Fukieni! Fukieni tumalize!" Jiwe likaporomoka kutoka ukingoni na kuangukia kiungo, pale mabomba mawili yanapoungana. Ildefonsa alisikia sauti ya kupasuka. Alipiga magoti, akapapasa, kidole chake kikaingia kwenye ufa. Aligeuka kumtafuta mumewe, ambaye alikuwa mbele na wabeba mabomba. Alipomfikia na kumwambia, wapwa walikuwa wameshafukia na wanaimba.

Msichana alifanya nini? Alifanya kile alichofundishwa. Alipeleka neno kwa mumewe ili lifike kwa mzee. Usiku ule wakati wa chakula, kama Francisca alivyonisimulia baadaye, Matiasi alisema, "Baba, kuna kiungo kule bondeni..."

"Ni mambo ya kazi?" aliuliza mzee, Nice akiwa magotini pake.

"Ndiyo, baba."

"Mambo ya kazi yana mahali pake. Utayasema duarani, kwa utaratibu."

Haya. Asubuhi yake duarani, mhandisi mwenyewe alikuwepo. Mimi nilikuwa hatua chache tu, namimina chai. Zamu ya Matiasi ilipofika, akasema, "Kuna kikwazo. Kiungo kimoja kimepasuka kule bondeni."

Mzee Gidioni akaangalia juu, kwenye kitambaa.

Mhandisi akauliza, "Umekiona wewe mwenyewe?"

"Sikukiona, mhandisi. Amekiona mke wangu, akaniambia."

"Hapana, hapana," mhandisi akasema kwa upole wa mwalimu. "Huku hatusemeani. Utaratibu ni kwamba kila mtu anasema lake kwa kinywa chake. Dada, karibu. Una kikwazo?"

Watu wote wakamgeukia Ildefonsa. Baba mkwe wake alikuwa amesimama mbele yake kabisa, uso kwa uso. Nilimwona msichana yule akivuta kanga hadi kwenye paji la uso. Nikashindwa kuvumilia, nikapaza sauti, "Mwacheni mumewe aseme! Hamwoni kwamba hawezi?"

Kijana mmoja mwenye kalamu akanijibu, "Mama, mpishi hayumo kwenye kikundi."

"Dada?" akarudia mhandisi.

"Hakuna," akasema Ildefonsa.

Mhandisi akatabasamu. Mzee akapumua. Wakapiga makofi kidogo, kama walivyofundishwa kumaliza, kisha wakapandishwa kilimani kuanza kipande kingine. Nilirudi kwenye sufuria zangu nikizigonganisha kwa hasira. Mhandisi alikuwa mtu wa Bukoba mjini. Kama hakuzijua desturi zetu, si alikuwa na ulimi wa kuuliza? Na mzee, aliyezijua zote, alikuwa na ulimi gani?

Matiasi alijifariji kwamba bomba likijazwa maji kabla ya kukabidhiwa, ufa utaonekana wenyewe. Kumbukeni Runazi: kipande kwa kipande, maji kwanza, akina mama waonje. Lakini wakati huo tarehe ya wageni ilikuwa imeshapangwa, na kamati ikaamua kwamba kujaribu kipande kwa kipande kunachelewesha. Wafukie kote, wajaribu mara moja, siku ya sherehe. Jina la utaratibu likabaki lile lile, duara zikabaki, vitambaa vikabaki. Kile kilichoufanya uwe na maana ndicho kilichotupwa.

Siku ya sherehe maji yalitoka. Nisiwafiche, nami nilipiga vigelegele. Koki ya kwanza ya kijiji chetu iliwekwa karibu na nyumba ya Mzee Gidioni kwa heshima ya kikundi chake. Ngoma ikapigwa, wageni wakapiga picha, wakapanda magari yao wakaenda. Ufa wa bondeni haukuonwa na mtu, maana pale ardhi ni ya majimaji siku zote.

Kumbe maji yalikuwa yanafunguliwa asubuhi na jioni, na katikati yanafungwa. Bomba likibaki tupu, ule uchafu uliosharabiwa na ardhi chini ya vyoo ulinyonywa ndani kupitia ufa. Jioni koki ikifunguliwa, tunakinga.

Ildefonsa hakuyanywa. Alichemsha kila tone la maji yaliyoingia jikoni kwake, na mwanawe hakumpa maji mengine. Aliniambia na mimi, "Mama Anjelika, chemsha." Nilimuuliza kwa nini, akasema tu, "Chemsha, mama," nami nikachemsha. Mzee aliuona moshi usiokwisha jikoni, akamwambia mkewe, "Mwambie mkwe wako asitudharaulishe. Majirani watasema hata nyumba ya kiongozi inayaogopa maji ya mradi." Kisha, ili watu waone, akatoka na kikombe chake, akakinga kokini, akanywa nusu. Nusu akampa Nice. Mtoto akanywa kwa furaha, maana kilikuwa kikombe cha babu. Ikawa mchezo wao kila jioni, mama yake akiwa shambani.

Ugonjwa ulianza kwa kuhara, ukaendelea kwa kutapika. Si Nice peke yake, watoto walilala nyumba baada ya nyumba. Lakini Nice alikuwa mdogo na alikaukiwa maji haraka. Gari la mradi likatuchukua hadi hospitalini Biharamulo: Ildefonsa na mtoto mapajani, Francisca, Matiasi, mzee, na mimi. Waliuwekea dripu mkono ule mdogo. Wauguzi walijitahidi, siwezi kusema vingine. Tulikuwa tumechelewa. Alfajiri mtoto akakata roho.

Tulikaa nje, kwenye kibaraza. Jua lilikuwa limeshatoka. Mhandisi Renatus akafika, amepiga mbio kutoka Ngara, macho mekundu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, pole sana. Daktari anasema huenda ni maji. Kuna watoto wengine kule. Nifunge bomba?"

Na Mzee Gidioni, Mungu amsamehe, huku machozi yanamtiririka, akasema, "Maji hayana kosa. Mtoto alikula kitu kibaya. Kikundi changu hakikuwa na kikwazo, mhandisi, wewe mwenyewe ulisikia. Usifunge. Watu wataogopa bure."

Ildefonsa akainuka. Alikuwa ameketi chini kando ya mama mkwe wake. Alipita mbele yetu, akasimama mbele ya baba mkwe wake, akaiondoa kanga kichwani, akamtazama machoni. Francisca akaziba mdomo kwa mkono.

"Kiungo kimepasuka," alisema. "Kule bondeni, chini ya vyoo. Fungeni maji."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusema naye. Mzee alirudi nyuma kama aliyesukumwa.

"Tangu lini?"

"Tangu jioni tulipokifukia."

"Na kwa nini hukusema?" mzee akalia. "Mwanangu, kwa nini hukusema?"

"Nilisema, baba. Nilisema kwa njia niliyofundishwa nyumbani kwako."

Mhandisi aligeuka akakimbilia gari. Kabla ya mchana bomba lilikuwa limefungwa, na walipochimba bondeni walikuta ufa pale pale alipopasema. Watoto wengine waliuguzwa wakapona. Tulimzika Nice kesho yake nyuma ya migomba. Baada ya arobaini, Matiasi na Ildefonsa walihamia Nyabusozi kwa wazazi wake, na hawajarudi. Mzee Gidioni hukaa mbele ya mlango wake Jumapili kama zamani. Nikipita namsalimia, "Shikamoo, mzee." Siku nyingine huitikia.

FUNZO

Nimeshasikia watu wakilaumu desturi, na wengine wakilaumu mambo ya kisasa. Acheni. Desturi yetu ilikuwa na njia ya kufikisha neno. Utaratibu wa mhandisi nao ulikuwa na njia yake, na kule Runazi tuliona ikifanya kazi. Kilichotuua ni kwamba wakubwa walichukua utaratibu mpya kwa jina na maneno yake, wakaufunga juu ya mamia ya watu kwa siku moja bila kuuliza watu wale wanaongeaje wakiwa nyumbani kwao. Njia ya zamani wakaikata, na ile mpya wakaiziba kwa kitambaa.

Kwa hiyo ninyi mnaoongoza watu wengi, wa mradi, wa shule, wa kwaya, wa ukoo: anzeni na wachache, na mkipanua, panueni polepole. Jaribuni kazi kabla ya kuifukia, na waacheni watakaoitumia waionje kwanza. Anayewaletea habari mbaya mpeni kiti na chai, msimpe aibu. Kama hawezi kuisema mbele yenu, mwacheni aitume kwa mume, kwa rafiki, hata kwa mpishi. Msijizungushie ndugu na wakwe wasioweza kuwapinga halafu mkaita ukimya wao maendeleo. Na siku mtakapouliza kama kuna kikwazo, na watu wote wakajibu hakuna, msipige makofi. Chukueni jembe mwende mkaangalie, kwa sababu mwisho wa lile bomba kuna mtoto wa mtu ameshika kikombe.